Hakimiliki ikiisha, jasho la Ruth Brown ni la nani?

MLETA MADA:
Wadau, naomba tulijadili hili kwa kina. Nimekutana na mkusanyiko wa nyimbo za Ruth Brown, mwimbaji wa Marekani, uliochapishwa Ulaya, kuanzia wimbo wa So Long wa 1949 hadi alipoachana na kampuni ya rekodi ya Atlantic mwaka 1961. Kazi ya miaka kumi na mbili, bei yake haizidi mlo wa watu wawili. Nimeutamani, nikauacha.

Wengi mnamjua kwa sauti tu, ile inayopasuka kidogo mwishoni mwa mstari. Alizaliwa Portsmouth, Virginia, mwaka 1928. Mwaka 1948, akiwa safarini kwenda kuimba ukumbi wa Apollo, New York, alipata ajali ya gari akalazwa kwa miezi mingi. Mkataba na Atlantic alisaini akiwa bado kitandani. Mwaka 1950 wimbo wake Teardrops from My Eyes ukakaa kileleni mwa chati ya R&B wiki 11. Atlantic wakati huo ilikuwa kampuni changa, na watu wakaiita nyumba iliyojengwa na Ruth.

Nyumba ikasimama, aliyeijenga akalala nje. Miaka ya sitini alifanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule ili alee watoto. Alipouliza mrabaha, yaani fungu la msanii kwenye mauzo, vitabu vya kampuni vikamwonyesha ni mdaiwa: studio, wapiga ala, mpangaji muziki, vyote vilikatwa kwenye fungu lake. Alipigana miaka, akisaidiwa na wakili Howell Begle, mpaka mwaka 1988 Atlantic ikafuta madeni yake na ya wenzake wa zama zile, ikaanza kulipa, na fedha za kampuni zikasaidia kuanzisha Rhythm and Blues Foundation, taasisi ya kuwasaidia wanamuziki wa zama hizo. Mwaka uliofuata ukatoka mkusanyiko rasmi wa diski mbili, Miss Rhythm.

Sasa huu wa Ulaya haumlipi yeyote wa upande wake. Na ni halali. Ulaya rekodi zililindwa miaka 50. Sheria ilipoongeza hadi 70 mwaka 2013, zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa zimeshapitwa. Kazi yake yote ya Atlantic imo humo. Marekani rekodi zilezile bado zina mwenyewe: kwa sheria ya 2018, Teardrops inalindwa hadi mwisho wa 2060.

Swali langu: je, ni haki kununua? Msimamo wangu ni kwamba si haki. Mama huyu alidhulumiwa mara ya kwanza na mkataba, asidhulumiwe mara ya pili na kalenda.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, nakuheshimu ila hapa nakupinga. Mimi nina mikusanyiko ya aina hiyo zaidi ya ishirini, na bila hiyo nisingejua nusu ya waimbaji wa zama zile. Zile zilikuwa santuri za nyimbo mbili mbili, upande huu wimbo uliovuma, upande wa pili wimbo ambao haukuwahi kuingia kwenye albamu yoyote. Kampuni kubwa hutoa upya nyimbo kumi zilezile kila baada ya miaka michache, nyingine zinabaki stoo. Na hayo malipo unayoyatetea, umeeleza mwenyewe yalivyomfikia: baada ya kupigana. Wangapi hawakuwa na wakili? Ulinzi mrefu unamtajirisha mwenye kanda, yaani kampuni, si mwenye sauti.

MCHANGIAJI WA PILI:
Tuweke jambo moja sawa. Haki ziko mbili. Rekodi imeisha muda Ulaya, lakini utunzi haujaisha: unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada yake. Teardrops ilitungwa na Rudy Toombs, aliyefariki 1962, kwa hiyo Ulaya utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2032. Huyo mchapishaji anapaswa kuwalipa warithi wa mtunzi kwa kila nakala. Aliyeimba ndiye hapati kitu. Na tusiwanyooshee vidole Wazungu peke yao, hata Kenya rekodi hulindwa miaka 50 tu.

MCHANGIAJI WA TATU:
Kinachoniudhi mimi ni uvivu. Fundi mmoja anakesha kusafisha santuri iliyokwaruzika, mwingine ananakili kazi yake na kuiuza nusu bei. Atakayeokoa santuri kwa mikono yake mwenyewe, akaandika tarehe na wapiga ala, huyo fedha yangu naitoa.

MLETA MADA:
Nimewasoma wote. Ndugu wa kwanza, umenigusa pale uliposema mwenye kanda na mwenye sauti. Nikarudi kuisoma ile sheria ya Ulaya ya nyongeza, na ndipo iliponiuma zaidi. Ndani yake, baada ya mwaka wa 50, kampuni hairuhusiwi tena kumkata mwimbaji gharama za zamani. Wapiga ala waliolipwa mara moja wanatengewa asilimia 20 ya mapato hayo. Na kampuni ikikalia rekodi bila kuiuza, mwimbaji anaweza kuuvunja mkataba. Yaani kilio cha Ruth cha miaka yote kimeandikwa kuwa sheria, na stoo unayoilalamikia imewekewa ufunguo. Ila kizazi chake kimeachwa nje ya mlango.

Kwa hiyo nalegeza kidogo. Wimbo ambao haupatikani popote pengine, nunua, usiache ukafa. Lakini Teardrops na Mama He Treats Your Daughter Mean zinapatikana kwenye mkusanyiko unaolipa. Huko ndiko nitakakonunua mimi, hata kama ni ghali mara tatu.

Na nabaki na swali kwa wanaojua sheria: masharti yale matatu, nini kinazuia yapewe pia waimbaji wa kabla ya 1963, bila kuirudishia kampuni umiliki wake?