Naomba ushauri: Tuwalinde vipi ndege wa ufukweni bila kugombana na wavuvi?

Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kujitolea kinataka kulinda ufuko ambao ndege wahamaji hutua kila msimu, na wengine hutaga humohumo mchangani. Mayai yao yana rangi ya mchanga, kwa hiyo mtu huyakanyaga bila hata kujua.

Kinachoniumiza zaidi ni usumbufu wakati wa maji kupwa. Hapo ndipo tope hubaki wazi na ndege hula minyoo na kaa wadogo ili wapate mafuta ya safari. Wakikurupushwa na mbwa au pikipiki kila mara, mafuta hayo huishia hapohapo. Na safari zenyewe si mchezo: mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa spishi ya Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua.

Shida ni kwamba tope hilohilo ndilo riziki ya wavuvi na kina mama waokota chaza. Sitaki waamke wakute kamba na mabango ambayo hawakushirikishwa. Naona wao ndio wangefaa kuchagua sehemu za kufungwa msimu wa kutaga, maana wanaujua ufuko kuliko sisi.

Waliowahi kufanya hivi, mlianza na nani: wazee, wavuvi au shule? Na wenye mbwa mliwashawishi vipi?