Fes na mama mwenye magoti mabovu: nimpitishe wapi?

BintiPongwe:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mwezi wa kumi nampeleka mama Moroko. Tunashukia Casablanca, kisha treni hadi Fes, tulale huko siku mbili. Mama ana miaka 67. Uwanda anatembea vizuri, ila mlima na ngazi magoti yanakataa. Anachotaka ni kusali msikiti wa Qarawiyyin, mengine yote kwake ni ziada. Nasikia mji wa kale hauingii gari na vichochoro vinapoteza watu. Nichukue mwongozaji? Au nimtafutie punda? (Msicheke.)

Mkoba_Mgongoni:
Mwongozaji mchukue, lakini awe na kitambulisho rasmi shingoni, mpatane bei na saa kabla ya kuanza. Vijana wa njiani watawaambia "huku kumefungwa, nifuateni". Hakujafungwa. Sema "la, shukran" uendelee. Pia msipange manunuzi Ijumaa, maduka mengi ya mji wa kale hufungwa.

FundiMakubadhi:
Marahaba mwanangu. Punda muache. Wa Fes wako kazini, wanabeba ngozi mbichi na mitungi ya gesi. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekua na punda mlangoni, na bado mmoja alinibana ukutani kwa kuwa sikujua "balak!" ni nini. Ndiyo "simile" yao. Mkiisikia, ukutani kwanza, kutazama baadaye.

Sasa magoti. Mji ule umekaa kama bakuli. Lango la Bab Bou Jeloud liko juu, Qarawiyyin iko chini, na njia kubwa baina yake ni Talaa Kebira, yaani mpando mkubwa. Asubuhi watu huteremka wanacheka, mchana hurudi kwa njia ileile ndimi nje. Nyinyi msirudi. Mkishamaliza chini, ulizeni Rcif, uwanja ambako magari yanafika. Pandeni teksi ndogo nyekundu, dereva awashe mita, awazungushe nje ya ukuta hadi juu. Na kama hata kuteremka ni taabu, anzieni Rcif hapohapo. Ningekuwa mimi, siku ya kwanza ningefanya hivyo, mama asali akiwa hajachoka.

Qarawiyyin yenyewe inasimuliwa kuwa ilianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri. Asiye Mwislamu huchungulia mlangoni tu, kwa hiyo msione ajabu mkiulizwa. Mimi mlinzi alinitazama, akauliza, "Senegal?" Wasenegali huja Fes kwa wingi kuzuru zawiya ya Sidi Ahmed Tijani, shehe wa tarika ya Tijaniya, haiko mbali na hapo, basi kila mtu mweusi mwenye kofia ni Msenegali. Nilimwambia Kenya. Akafikiri kidogo, akanikaribisha vilevile.

Siku ya pili teremkeni Talaa Kebira taratibu na mpumzike Bou Inania, chuo alichojenga Sultani Abu Inan kati ya 1350 na 1355. Nimezaliwa nyumba yenye mlango wa nakshi, nikidhani nakshi naijua. Nilipoona mbao za mwerezi za pale, na plasta iliyochongwa chini yake kama kitambaa cha kufuma, nilikaa chini nikanyamaza. Na sultani huyo ndiye aliyeamuru safari za msafiri Ibn Battuta ziandikwe, Ibn Battuta akisimulia na Ibn Juzayy akishika kalamu. Ile Mombasa na Kilwa aliyoiona 1331 imetufikia kwa sababu ya amri iliyotoka Fes.

Mimi hasa nilifuata ngozi. Chouara ndipo wanapotengenezea ngozi, mashimo ya mawe mamia, mengine meupe ya chokaa na kinyesi cha njiwa, mengine ya rangi, na wanaume wamesimama ndani hadi mapajani. Utaonea kwenye baraza za maduka ya juu. Wanakupa kishada cha nanaa unuse, maana harufu ni ya kweli. Wanasema kutazama ni bure, ila ukishuka lazima upite katikati ya mikoba na majaketi, na hapo ndipo lugha inapobadilika. Kijana mmoja aliniapia rangi ya njano ni zafarani. Kwa bei ile ya makubadhi? Zafarani naijua, mke wangu huipima kama dhahabu. Lakini kinyesi cha njiwa ni kweli, kinalainisha, na mkono wangu uliikubali ngozi ya mbuzi ile. Ngazi za maduka hayo ni kali, mama abaki chini na chai.

Shangazi_Kariakoo:
Mlisheni mzee bissara asubuhi, uji mzito wa maharage mapana makavu uliomwagiwa mafuta ya zeituni na bizari nyembamba. Pastilla, pai yao, mwonyeni kabla: nyama ndani, sukari na mdalasini juu. Wangu alidhani mpishi amekosea.

BintiPongwe:
Nimemsomea mama yote. Zaidi ya yote, kakamata la mwanamke aliyejenga msikiti, ameshawapigia simu wenzake wa kikoa. Basi Rcif kwanza, nimeamua. Fundi, anauliza, hayo makubadhi ya huko akinunua yatadumu, na anunue namba gani? Anavaa 39.

FundiMakubadhi:
Avae dukani asimame nayo. Yambane kidogo, ngozi ya mbuzi hutanuka. Akunje soli: ikipasuka rangi au ikilia kama karatasi, arudishe, hiyo ina kadibodi ndani. Atazame mshono ukingoni, wa mkono haulingani sawasawa. Na asiyavae mvuani. Yakichoka kisigino, nitumie picha, nitakwambia kama yanashoneka.