Mrejesho: Wasomaji wangu wa "lete nyingine"

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje nipate maoni ya kweli: natuma simulizi yangu kwa vipande, wasomaji wananijibu "arosto" (yaani wana hamu ya kuendelea) au "lete nyingine", basi. Mmoja tu ndiye aliyesema sehemu ya 4 inachosha, nami nikamjibu vibaya.

Nilifuata ushauri wa kuacha kuuliza "mnaionaje?" Nikachagua watu watatu, nikawauliza: ulichoka wapi? Nani ulimchanganya na mwingine? Loo! Wote walikwama palepale, sehemu ya 4, kwenye mazishi. Tena nimewaita wahusika Sada, Saida na Saidi, kisha nashangaa watu wanapotea. (Mke wangu alishanionya, nikajifanya sisikii.)

Mazishi nimeyapunguza kutoka kurasa 9 hadi 3. Saida sasa ni Mwanaidi.

Yule niliyemjibu vibaya nilimwomba radhi. Akacheka, akanitumia hadithi yake niisome. Hapo ndipo nilipoonja ugumu wenyewe: mwanzo mtamu, mwisho umekimbizwa. Nimemwandikia mahali nilipopotea, bila kumfundisha namna ya kurekebisha. Leo siku ya tatu, hajajibu.