Naomba ushauri: Ironman ya Hawaii inaujenga mchezo wa triathloni au inawatisha vijana?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha vijana kuogelea na baiskeli, sasa wanaitaka triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo katika shindano moja. Shida ni kwamba wanachokijua ni Ironman, ile triathloni ndefu ya Kona, Hawaii: kuogelea kilomita 3.8 baharini, baiskeli 180, halafu kukimbia 42.2 juani, kwenye nyika ya mawe ya volkano. Wameona video ya mwanariadha Julie Moss akitambaa kuufikia mstari wa mwisho mwaka 1982. Baadhi wameingiwa hofu, wengine ndiyo wamepandwa na mori, wanataka kuanzia hapohapo! Mimi naona umbali wa Olimpiki, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na kukimbia 10, unawatosha kabisa kwa miaka mingi. Ila bila Kona, wangapi wangeujua mchezo huu? Mliowahi kufundisha, mnawaonyesha kipi kwanza? Na wazazi wao mnawaambiaje?