Mwanangu wa miaka 9 ana kilo 44, ukweni wanasema "ana afya". Nianzie wapi?

Mama Kinyerezi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 9. Wiki iliyopita nilimpeleka hospitali kwa kikohozi tu, wakampima: kilo 44, urefu sentimita 135. Daktari akafungua chati, akaniambia huu sio ubonge wa utoto, ni unene uliopindukia. Niliishiwa nguvu, maana kwenye ukoo wetu huyu ndiye mtoto anayesifiwa.

Mimi nimekulia Mbagala. Kuna siku tulilalia uji wa chumvi. Niliapa wanangu hawatalijua hilo, na Mungu amejalia, baba yao ana kazi nzuri. Friji halikosi soda. Gari la shule linamchukua getini saa 11 na nusu alfajiri, linamrudisha saa 11 jioni, kisha tuisheni, kisha tivii. Nje simruhusu, bodaboda zinapita kasi mno. Nikimfungia mihogo au viazi vitamu anarudi navyo, anasema wenzake wanamcheka kwamba hicho ni chakula cha watu wasio na hela. Basi naweka chipsi, soseji na juisi ya boksi. Na hao hao wenzake wanamwita Bonge. Juzi amegoma kuvua shati siku ya kuogelea.

Watoto wa dada yangu kule Mbagala wanacheza chandimu mpaka adhana ya magharibi. Wembamba, wepesi. Mama mkwe akiwaona anawahurumia. Wangu nikimpunguzia wali ananiambia, "Usimkondeshe mjukuu wangu, watu watasema mmefilisika." Mume naye ananyamaza. Nisaidieni.

Kibonge wa Zamani:
Pole dada. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nilipovunja ungo nikarefuka na mwili ukakaa sawa. Mwache akue.

Nesi wa Lishe:
Dada hapo juu, nashukuru kwako ilienda vizuri, ila wengi wanaonenepa kiasi hiki wanaingia nao ukubwani. Mama Kinyerezi, chukua kilo 44, gawa kwa 1.35, jibu ugawe tena kwa 1.35. Unapata 24. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 9 wa katikati ana 16, na unene uliopindukia unaanzia 20 na kitu. Daktari wako hakukosea.

Lakini usimfungishe, na usimpimie tonge mezani wenzake wakila. Anakua bado, mara nyingi lengo ni uzito usimame wakati urefu unapanda. Anza na vinywaji. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, na juisi ya boksi haiko mbali. Zisinunuliwe kabisa, hata za baba. Halafu apate saa nzima kila siku ya kukimbia mpaka atoke jasho. Mrudishe kliniki wampime presha na sukari. Je, kwenye ukoo kuna mwenye kisukari?

Na usijilaumu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliodumaa ni asilimia 30, wenye uzito uliozidi ni kama asilimia 4. Macho yetu sote, hata sisi wa kliniki, yamezoea kumtafuta aliyepungua. Mnene anapita mlangoni tunamwambia mama hongera.

Mbeba Boksi UK:
Nikushangaze kidogo. Huku Uingereza ni kinyume. Watoto wanaoanza shule kwenye mitaa maskini zaidi, kiwango chao cha unene uliopindukia ni zaidi ya mara mbili ya wale wa mitaa yenye uwezo. Mwenye hela ananunua mboga, samaki, na anamlipia mtoto mchezo. Asiye nazo ananunua kinachoshibisha kwa bei ndogo. Kwetu bado unene unasoma kama hela, ila msidhani itabaki hivyo.

Mama wa Manzese:
Kaka, huko mbali. Njoo kwangu. Mimi nauza genge, binti yangu ana miaka 11 na mwili wake ni mkubwa kuliko wangu. Gari la shule hatuna, friji hatuna. Nikitoka saa 10 alfajiri kwenda sokoni namwachia hela, anakula maandazi na chai ya sukari, mchana chipsi za kona, za mafuta yaliyokaangia tangu jana. Ndiyo rahisi na ndiyo inashibisha. Uwanja waliokuwa wanacheza rede umejengwa fremu. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa wenye magari, maana na mimi nilijiambia hivyo, nikachelewa kumpeleka.

Baba Watatu Tabata:
Dada, mume asinyamaze. Mama yake atamsikia yeye, sio wewe. Kwangu nilimwambia mama mwenyewe, kwa adabu, nikiwa nimekaa chini. Na Jumapili mpeleke kijana Mbagala akacheze na binamu zake. Asiende kama mgonjwa, aende kucheza.

Mama Kinyerezi:
Nimewasoma wote, nimelia kidogo. Mama wa Manzese, nimekutumia ujumbe, tukutane kliniki siku moja tukiweza.

Nesi, umeuliza kisukari. Baba mkwe amekatwa mguu kwa sukari mwaka juzi. Mama mkwe ndiye anayemsafisha kidonda, na ndiye huyo huyo anayemwekea mjukuu soda. Sijawahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja mpaka leo. Nimempa mume simu asome uzi huu, amesoma kimya, kisha akainuka akatoa soda zote kwenye friji. Ijumaa mama anakuja. Amesema ataongea naye yeye.