Vilemba vya Paris: sifa apewe Bakst au Poiret?

Mtoa mada:
Wakuu, Juni 1910 kundi la baleti la Mrusi Diaghilev lilicheza "Schéhérazade" pale Opéra ya Paris, kisa cha Alfu Lela Ulela tunachokijua wote. Mavazi alibuni Léon Bakst: suruali pana za hariri, vilemba, rangi kali zikigombana jukwaani. Mji ukashikwa na mitindo ya mashariki. Leo sifa anapewa mbunifu Paul Poiret. Mimi naona ni dhuluma.

Mzee wa Chuda:
Acha kupotosha. Poiret alishaachana na koseti, lile vazi la kubana kiuno cha mwanamke, miaka kadhaa kabla, na alikana katakata kwamba alimwiga Bakst. Halafu Bakst alikuwa mchoraji tu. Kuchora nguo karatasini hata mwanangu wa darasa la nne anaweza.

Cherehani:
Kwa hilo la "mchoraji tu" umenigusa pabaya. Nashona magauni ya harusi, najua mchoro mbovu unavyomtesa fundi. Na nguo ya mchezaji ni kazi zaidi: akinyanyua mkono, kwapa lisipoachiwa nafasi, linachanika mbele za watu. Mwaka 1912 Nijinsky, mchezaji wa kundi hilohilo, alicheza kama faune, nusu mtu nusu mbuzi, kavaa nguo ya kubana mwili yenye mabaka yaliyopakwa rangi. Aliyebuni vile aliujua mwili.

Mzee wa Chuda:
Sindano alishika nani? Marie Muelle, fundi wa Paris, alilishonea kundi lile mavazi kibao. Mbona humtaji? Fundi unamsahau fundi mwenzio!

Cherehani:
Usinifundishe kazi yangu. Mimi mwenyewe gauni langu limewahi kusifiwa ukumbini, akatajwa aliyeleta picha.

Binti Unguja:
Jamani, Bakst naye kaonewa. Mwaka 1912 alifukuzwa St Petersburg kwa kuwa Myahudi asiye na kibali cha kuishi pale. Mwaka 1921 akabuni mavazi ya "The Sleeping Princess" London. Onyesho likala hasara, nguo zikashikiliwa na aliyetoa fedha.

Mtoa mada:
Turudi kwenye mada. Ile sherehe kubwa ya Poiret, wageni wote kimashariki, ni ya Juni 1911, mwaka mzima baada ya Opéra. Hili hamjalijibu.

Mzee wa Chuda:
Nitalijibu nikijibiwa la Muelle.

Cherehani:
Jibu hili hapa: jina lake liandikwe pamoja na la Bakst kwenye kila vazi alilolishona. Sasa na wewe futa hiyo "mchoraji tu".