Mrejesho: zamu ya usiku na mama mgonjwa, Malindi

Asanteni nyote kwa ushauri wenu. Kwa mliopitwa: niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi. Meneja alinihamishia zamu ya usiku ghafla, na mama yangu, aliyepata kiharusi, usiku hana mwingine wa kumgeuza kitandani.

Hoja kwamba kunihamisha ni ubaguzi niliiacha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataja mimba, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo. Kumuuguza mzazi hakumo waziwazi. Nikashika cha 10: saa za kazi zilizo kwenye mkataba zikibadilika, mwajiri ashauriane nawe, kisha akuarifu kwa maandishi. Mimi nilipata ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku, basi!

Nikawaandikia barua, nikaiambatisha na nakala ya mkataba na karatasi ya daktari, nikapendekeza mwenyewe: mchana siku za wiki, usiku Ijumaa na Jumamosi, dada yangu akija kutoka Mambrui. Meneja akanuna: "Dada, kila mtu ana mama." Lakini yule wa rasilimali watu akaisoma yote, akakubali kwa majaribio hadi Desemba. Marupurupu ya usiku yamepungua, sawa tu. Makubaliano yamesainiwa na nakala ninayo.